Mafuta ya Mtihani

Nilijaza petroli ya kawaida. Nilijaza mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, Ijumaa saa mbili kasorobo asubuhi, na dada wa pampu ni shahidi kwa sababu aliniuliza mara mbili.

Nasema hivyo mapema kwa kuwa habari yenyewe imeshazunguka mtaa mzima, na kila anayeipokea huitia chumvi kabla ya kuipitisha. Juzi nimesikia eti niliweka mafuta ya taa. Jana nikasikia nilichanganya na maji. Sikuchanganya kitu. Nilijaza petroli ya kawaida kwenye gari dogo lililotengenezwa litumie petroli ya kawaida.

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ana chuo cha udereva. Chuo ni neno kubwa. Ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, chenye meza, viti sita vya plastiki na ubao wa alama za barabarani alizozichora kwa mkono wake. Kwenye alama ya watoto wanaovuka, watoto wamefanana na mbuzi, na wanafunzi wengi hujibu hivyo. Dirishani unaliona gari letu moja, jeupe, lenye herufi ya bati juu ya paa na pedali za ziada upande wa mwalimu. Wanafunzi wanaliita Kiberiti. Ukikaa ndani magoti yanasalimiana na kidevu, na mwanafunzi akiwa mnene, mimi na yeye tunapumua kwa zamu.

Chuo hiki kina sheria moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha udereva. Siku za mazoezi Kiberiti hunywa kawaida. Siku ya mtihani hunywa supa, ile petroli ya bei ya juu.

Asili yake ni ndogo mno. Miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi ambayo mwanafunzi wa kwanza wa Mama Mkubwa alikuwa anakwenda kutahiniwa, kituo cha mafuta kilikuwa kimeishiwa kawaida. Wakajaza supa. Mwanafunzi akafaulu. Mama Mkubwa akayaunganisha mambo hayo mawili kwa nati, akakaza, na hakuna spana iliyowahi kuyafungua. Kwenye mlango wa Kiberiti ameandikisha kwa rangi nyekundu: SIKU YA MTIHANI TUNATUMIA SUPA. Watu huja kujiandikisha kwa ajili ya maandishi hayo. Na kila siku ya mtihani, kabla mtu wa kwanza hajaingia garini, huwapanga mstari, hulipiga boneti makofi mawili kama anayemsifu ng'ombe, halafu husema, "Gari limekunywa supa. Atakayefeli asitafute mchawi."

Kufeli wanafeli vilevile. Ila wanajilaumu wenyewe, na biashara inakwenda.

Mimi nina diploma ya ufundi wa magari. Ada alinilipia yeye Mama Mkubwa, na nilipomaliza akanipa kazi ya kufundisha. Wiki ya kwanza tu nilifungua kifuniko cha tangi nikamwonyesha kibandiko cha kiwanda, kinachosema wazi kwamba gari hili linatosheka na kawaida. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hawa waliotengeneza gari," akauliza, "wamewahi kumfaulisha nani?"

Nikafunga kifuniko. Pengine ningekifunga moja kwa moja, kama si Mwokaji.

Mwokaji ana miaka arobaini na sita, mpole, mwenye unga kwenye nyusi hata siku ambazo haendi kazini. Amesimama mbele ya tanuri la mikate miaka kumi na tisa. Mwaka huu kifua chake kilianza kupiga filimbi kila anapovuta pumzi, na daktari akamwambia aondoke kwenye unga na moshi kabla hajaondolewa. Bahati ikamwangukia: dereva anayesambaza mikate anaacha kazi. Mwenye tanuri akamwambia Mwokaji kiti ni chake, kwa sharti kwamba alete cheti cha kufaulu udereva kabla ya saa sita mchana, Ijumaa. Ikipita hapo, funguo zinakwenda kwa mkwe wa mwenye tanuri, bwana ambaye leseni anayo ila kazi haitaki.

Mwokaji alikuwa ameshafeli mara nne. Mara zote nne ni pale pale, kwenye mwinuko. Mtahini anakwambia simama katikati ya kilima, vuta hendibreki, kisha uondoke bila kurudi nyuma na bila gari kuzimika. Mwokaji alilizima mara nne. Nami nilikuwa sielewi, kwa sababu kwenye mazoezi anapanda kama mbuzi, hawa wa milimani, si wale wa ubaoni.

Alhamisi tulikwenda kwenye uwanja wa mtihani ukiwa mtupu. Alipanda kile kilima mara sita. Klachi taratibu, mafuta ya kutosha, hendibreki chini, Kiberiti hicho. Mara ya sita nikamwambia azime injini.

"Mzee wangu, umepanda mara sita hujazima hata mara moja. Kesho utashindwaje?"

"Kesho si leo, mwalimu."

"Kilima si ni hiki hiki? Gari si ni hili hili?"

"Kesho litakuwa limekunywa supa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lina nguvu." Akashusha sauti, kana kwamba Kiberiti angesikia. "Kawaida naielewa. Nakanyaga, linakwenda. Lakini supa, mwalimu, nikikanyaga vile litaruka ukuta. Na yule mtahini yumo ndani, ana watoto wake. Basi nakanyaga kwa adabu."

"Kwa adabu."

"Kwa ncha ya kidole."

Mara nne mtu mzima ameanguka mtihani kwa heshima aliyoipa petroli. Hakuwa na tatizo la mguu wala la macho. Tatizo lake liliandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, na sisi ndio tulioliandika.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia supa haina nguvu zaidi, ina ukaidi zaidi. Inakataa kuwaka kabla ya wakati wake, basi. Kuna injini zinazobana hewa na mafuta kwa nguvu sana, hizo zinahitaji petroli kaidi, la sivyo zinagonga. Injini ya Kiberiti inabana kiasi. Ukiipa supa haikimbii zaidi wala hairuki ukuta. Inakunywa tu, kama mtu aliyepewa dawa ya ugonjwa asio nao.

Mwokaji alinisikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Umesoma, mwalimu, na ninakuheshimu," akasema. "Lakini mama amefaulisha watu."

Jioni ile ile nikamkabili Mama Mkubwa. Alikuwa akifuta ubao.

"Mama Mkubwa, kesho naomba tujaze kawaida."

"Siku ya mtihani?"

"Kwa ajili ya Mwokaji. Supa inamtisha."

Akageuka na kitambaa mkononi. "Mtu amefeli mara nne, halafu wewe unataka umpunguzie chakula?"

"Si chakula, Mama Mkubwa. Ni petroli."

"Mwanangu, nenda kalale. Kesho asubuhi jaza supa, njoo uwanjani, na usinitie mkosi."

Nilikwenda nyumbani, lakini uamuzi nilikuwa nimeshaufanya nikiwa bado nashuka ngazi.

Dada wa pampu alilijua gari na aliijua siku. Alikuwa ameshashika mpira wa supa kabla sijazima injini.

"Kawaida," nikamwambia.

"Leo si mtihani?"

"Ni mtihani."

"Kawaida?"

"Kawaida, dada. Na nipe risiti."

Akajaza huku akinitazama kama mtu anayeona mwenzake akijipalia makaa. Risiti nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Uwanjani walikuwa watatu: Kinyozi, Nesi na Mwokaji. Kinyozi alikuja na shati jipya. Nesi alikuja kutoka zamu, akisinzia kwa macho wazi. Mwokaji alikuwa na saa ya mkono aliyoiazima, anaitazama kila baada ya pumzi mbili. Mama Mkubwa akawapanga mstari. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mwokaji pembeni kabla ya yote, lakini mama huyu ana macho mgongoni, hakuniacha hata dakika. Akalipiga boneti makofi mawili.

"Gari limekunywa supa," akasema. "Atakayefeli asitafute mchawi."

Nilinyamaza. Nilisimama pale, mkono mfukoni, vidole juu ya risiti, nikanyamaza. Mwokaji akageuka rangi, akawa kama unga wenyewe.

Kinyozi akatangulia. Kwenye kurudi nyuma kati ya nguzo aliangalia kioo vizuri sana, ila alichokuwa anakiangalia ni nywele zake. Aliangusha nguzo ya kushoto, na alipojaribu kujirekebisha akaangusha ya kulia. Mtahini, bwana mwembamba ambaye katika miaka yote sijamsikia akisema zaidi ya "endelea" na "simama", siku hiyo alisema "shuka."

Nesi akafuata. Aliendesha kama anavyodunga sindano, bila maneno na bila kusita. Akafaulu, akarudi kwenye benchi, akalala.

Ikawa saa tano na dakika tano. Mwokaji akaingia, akaanza kusogeza kiti. Mtahini alikuwa bado nje akinoa penseli yake, na Mama Mkubwa alikuwa anamkemea Kinyozi. Nikaenda dirishani.

"Mzee wangu, nisikilize. Humu mna kawaida."

Hakunitazama. "Mwalimu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama amesema supa, sote tumesikia."

"Mama hajui. Nimejaza mimi." Nikatoa risiti, nikaikunjua juu ya usukani. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anayesoma barua ya mahakama.

"Kawaida ile ya jana?"

"Ile ile ya jana."

"Kwa hiyo haliruki."

"Halijawahi kuruka."

Mabega yake yakashuka. Nilimwona mtu akirudi ndani ya mwili wake, sina namna nyingine ya kueleza. Akaitia risiti kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko, akafunga mkanda. Mtahini akaingia.

Nguzo akazipita. Kuegesha akaegesha. Kisha Kiberiti kikaelekea kilimani, na katikati ya mwinuko mtahini akainua mkono. Gari likasimama. Kutoka nilipokuwa niliona taa nyekundu za breki, na nyuma ya kioo kichwa cha Mwokaji kimetulia tuli. Nilijikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, mguu wa kulia unakanyaga ardhi, wa kushoto unaachia klachi isiyokuwepo.

Taa za breki zikazima. Injini ikapanda sauti, ile sauti nzuri isiyo na adabu yoyote, na Kiberiti kikaondoka. Hakikurudi nyuma hata upana wa ukucha. Kikapanda hadi juu, kikawasha taa ya kuashiria kulia, kikapotea upande wa pili.

Mama Mkubwa alinishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Anawapenda wanafunzi wake, hilo sitamnyima.

"Unaona?" akaniambia. "Unaiona supa?"

Nikatazama kilima.

Mwokaji alirudi na karatasi ya mtahini kaishika kwa mikono miwili, kama anayetoa trei tanuroni. Ilikuwa saa tano na nusu. Kutoka pale hadi kwa mwenye tanuri ni mwendo wa robo saa kwa miguu, dakika kumi ukikimbia, dakika ishirini ukiwa na kifua chake. Angeweza kuondoka moja kwa moja. Lakini ni mtu mwenye shukrani. Akaja kwanza kwa Mama Mkubwa, akampa mkono.

"Mama, Mungu akubariki. Asante kwa kuniwekea kawaida."

Watu wakageuka. Hata Nesi aliamka.

"Nini?" akauliza Mama Mkubwa.

"Kawaida. Mwalimu amenionyesha." Akatoa risiti mfukoni, akamkabidhi, akaaga kila mtu kwa kichwa na kuondoka mbio, karatasi yake juu hewani. Alifika saa sita kasoro dakika sita. Mkwe alikuwa ameshakaa kwenye usukani, akipiga miayo, na inasemekana ndiye aliyefurahi kuliko wote kumwona.

Mimi nilibaki uwanjani.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Kinyozi. "Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo maana nimefeli."

"Umefeli kwa sababu umeangusha nguzo mbili," nikamwambia.

"Nimeziangusha kwa kawaida. Nimelipia mtihani wa supa. Mlangoni pameandikwa." Akapaonyesha. "Mama, unanidai au nakudai? Nataka mtihani mwingine, na safari hii silipi."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Mkubwa akikwama, na mimi nimemjua maisha yangu yote sijawahi kumwona amekwama. Akisema mafuta hayana kazi, maandishi ya mlangoni ni uongo wa miaka kumi na miwili. Akisema yana kazi, Kinyozi ana haki ya mtihani wa bure, na Mwokaji aliyepanda kilima kwa kawaida hana maelezo. Akamtazama Nesi kama anayeomba msaada.

"Sasa mimi nimefaulu kwa lipi?" akauliza Nesi.

"Kwa kujua kuendesha," nikasema.

Jibu hilo halikumfurahisha mtu hata mmoja.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, sayansi ikashinda. Wapi. Mwokaji sasa anapeleka mikate maduka arobaini kwa siku, na kwenye kila duka, pamoja na mikate, anaacha habari kwamba dawa ya kilima ni kawaida. Jumatatu walikuja watu watatu kujiandikisha, wote wakitaka chuo cha kawaida. Nikawakalisha, nikawaeleza taratibu kwamba petroli haimfaulishi wala haimfelishi mtu, na kwamba gari hili linawekwa kawaida kwa sababu tu hiyo inalitosha. Wakaitikia kwa vichwa, wakaelewa kabisa. Halafu mmoja akainua mkono.

"Kawaida ya kujaza asubuhi," akauliza, "au ya kujaza jioni?"

Nilishika tama.

Walipoondoka, Mama Mkubwa alifunga mlango. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono. Mama yangu alikuwa ameitwa pia, amekaa karibu na dirisha na mkoba mapajani, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Kikao ni kifupi," akasema Mama Mkubwa. "Huyu bwana nimemkubalia mtihani mwingine bure. Nimekubali kwa sababu nimechoka kelele zake, si kwa sababu nyingine. Lakini kuna neno moja la radhi linadaiwa humu ndani."

Alinigeukia, na hasira aliyokuwa amekuja nayo ikamtoka, ikabaki sauti ya mtu aliyeumizwa.

"Nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikasema supa. Ukanisikia. Ukaniacha niseme. Mimi niliyekusomesha."

Mama yangu akanikonyeza nikubali. Kinyozi akajiweka sawa kitini, tayari kupokea fungu lake.

Maneno yale yalinichoma, sikatai. Nilikuwa nimeyatarajia ya mafuta. Haya ya kunyamaza hayakuwa kwenye hesabu yangu. Nikayapa nafasi, nikayageuza mara mbili tatu kichwani. Kila nilipoyageuza nilimwona mtu wa miaka arobaini na sita akikanyaga kwa ncha ya kidole, mara ya tano, na saa ya kuazima mkononi.

"Ulinisomesha nijue, Mama Mkubwa," nikasema. "Nikajua. Nikakuonyesha kibandiko, nikakuomba Alhamisi, ukaniambia nikalale. Yule baba alikuwa na Ijumaa moja tu."

"Sijauliza habari za Ijumaa. Nimesema uombe radhi."

"Kwa mafuta siombi."

"Na kwa kunyamaza?"

"Mwanangu," akasema mama yangu, polepole, "neno moja tu, tukale."

"Na kwa kunyamaza siombi," nikasema. "Ningesema pale mbele ya mstari, ungemwaga tangi zima ujaze supa, na yeye angezima. Kesho nikirudishwa kwenye pampu ile nitajaza ile ile, na nitanyamaza vile vile."

"Huombi."

"Siombi, Mama Mkubwa."